Maswali ya Wasomaji: Likizo ya Kipupwe Tabora na Ujiji

Katika toleo lililopita niliandika, kwa sentensi moja iliyopita njia tu, kwamba kipupwe ndicho kipindi cha kuutembelea mji wa Tabora. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala zote nilizowahi kuziandika kwa jasho. Wengine wanauliza kuna nini cha kutazama, wengine wanauliza baridi, na mmoja ameuliza embe. Nimezichagua barua saba ambazo maswali yake yamejirudia kwa wengi, nami nazijibu kama mwalimu mstaafu wa historia aliyezaliwa Ng'ambo, hapahapa Tabora, na ambaye kwa hiyo hawezi kudai kwamba hana upendeleo.

SWALI: Mwalimu, natumaini u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka saba, kumi na kumi na minne. Baba yao amehamishiwa Tabora kikazi, na tumekubaliana kwamba shule zikifungwa mwezi Juni twende tukakae naye wiki moja. Watoto wamezoea likizo za pwani na wameshaanza kununa wakidai kwamba Tabora hakuna kitu. Tutafanya nini wiki nzima? (Mama wa Watatu, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Mama, kwanza usiwagombeze watoto, kwa kuwa hawajakosea sana. Anayekuja Tabora akitarajia mitaa ya mawe na milango ya nakshi kila kona kama Unguja ataanza kuulizia basi la kurudi siku ya pili. Mji huu, ambao wafanyabiashara wa Kiarabu waliuita Kaze na ambao ulikuwa katika nchi ya watemi, yaani watawala wa jadi, wa Unyanyembe, ulijengwa kwa udongo na miti, na nyumba ya udongo isiyokaliwa haimsubiri mtu miaka mia moja na hamsini. Kilichobaki ni kidogo, kimetawanyika, na karibu kila kimoja kinahitaji mtu wa kukisimulia. Kwa hiyo likizo ya Tabora ni likizo ya miguu na masikio, na ndiyo sababu naipendekeza mwezi Juni: mvua zimekwisha, njia zimekauka, jua la saa nne linavumilika, na wakulima, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, wana muda wa kukaa na mgeni.

Safari yenyewe iwe sehemu ya likizo. Mnaweza kupanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo imekuwa ikibeba abiria tangu mwaka 2024, kisha mkaendelea kwa basi kupitia Manyoni na Itigi. Hiyo ni njia ya haraka na mwanao wa miaka saba hatachoka. Lakini kama mnaweza kuvumilia, njooni kwa treni ya zamani ya reli ya kati, walau wakati wa kuja. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa waliifuatisha njia ya misafara iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi kwa muda mrefu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi hapa, wakafika Novemba 7. Mwambie yule wa miaka kumi aipige hesabu mwenyewe tofauti ya miezi hiyo na muda wenu wa treni, huku akila kuku aliyenunuliwa dirishani kwenye stesheni ya Saranda.

Mkishuka, msiikimbilie bajaji. Geukeni mlitazame jengo la stesheni, ambalo ni la enzi hiyohiyo ya Wajerumani. Hapa ndipo reli ya Mwanza inapochepuka, tawi lililokamilika mwaka 1928, na ndiyo maana watu wengi wa kanda ya ziwa wanaifahamu Tabora kwa jambo moja tu, nalo ni kulala kwenye benchi wakisubiri treni nyingine. Kisha tembeeni polepole kuelekea mjini chini ya miembe.

Siku ya pili au ya tatu, asubuhi, nendeni Kwihara, kilomita sita hivi kusini-magharibi mwa mji. Huko kuna tembe, yaani nyumba ya mraba yenye paa bapa la udongo na ua katikati, iliyojengwa upya mahali alipokaa David Livingstone, na sasa ni makumbusho. Kila mgeni huoneshwa chumba na ramani na kuambiwa kwamba Livingstone alikaa hapa, basi. Mimi ningependa watoto wako waambiwe ilikuwaje. Henry Morton Stanley, baada ya kumkuta mzee huyo Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871, alikuja naye hapa Februari 1872. Machi 14 Stanley akaondoka kurudi pwani, naye Livingstone akabaki kuwasubiri wapagazi waliokuwa watumwe kutoka Zanzibar, asiondoke hadi Agosti 25. Maana yake ni kwamba alikimaliza kipupwe chote cha mwaka 1872 mahali hapo mtakaposimama ninyi, katika vumbi hilohilo na baridi hiyohiyo ya alfajiri, akihesabu siku. Mtoto akielezwa hivyo hukumbuka zaidi kuliko akikaririshwa mwaka wa kuzaliwa wa mtu.

Wapagazi wakafika, zaidi ya hamsini, wakaenda naye kusini, akafariki Mei 1, 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, wakaukausha mwili wake na kuubeba kuurudisha pwani, na Oktoba mwaka huohuo wakapita nao Unyanyembe, wakielekea Bagamoyo. Mwombeni mwongozaji asiiruke sehemu hiyo. Wengi huishia kwenye kukutana kwa wazungu wawili, na kwa maoni yangu hapo ndipo hadithi inapokuwa nyepesi kuliko mahali pengine popote. Makumbusho hayo yanagusa pia biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kwa mwanao wa miaka saba utajua mwenyewe kiasi cha kusema.

Huyo wa miaka kumi na minne mpelekeni akaione shule ya serikali ya wavulana, ambako Julius Nyerere aliingia mwaka 1937, na ile ya St. Mary's, ambako alifundisha kuanzia 1946 hadi 1949. Ombeni ruhusa kabla, maana shule ikiwa imefungwa mlinzi hana wajibu wa kumfungulia kila mpita njia. Siku nyingine fungeni chakula mwende bwawa la Igombe, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa tegemeo la maji ya mji kabla ya maji ya Ziwa Victoria kufikishwa Tabora. Hapo hamtafanya lolote la maana zaidi ya kukaa na kutazama ndege, na watoto watashukuru.

Sokoni waonjeni michembe na matobolwa. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa, ila michembe hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, kisha hupikwa, na wengi huiunga kwa karanga. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakakatwa na kuanikwa, na hutafunwa vivyo hivyo kama peremende ngumu. Jua kavu la majira haya ndilo linaloyatengeneza. Wafundisheni watoto kusema "mwangaluka" wanapoamkia watu asubuhi, na muulize wenyeji kama kuna ngoma yoyote wiki hiyo, hasa manyanga au hiari ya moyo, kwa sababu baada ya mavuno ndipo watu wanapocheza.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Kila nikiuliza historia ya Tabora naanziwa na Livingstone na Stanley. Nataka kuitumia likizo yangu kutafuta historia isiyoanza na mzungu. Nina baiskeli na siku nne. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Nzega)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako ningelipenda miaka thelathini iliyopita darasani, ambako kila mtu alitaka kujua tu kama litatoka kwenye mtihani.

Anzia Itetemia, kwenye makao ya watemi wa Unyanyembe, ukoo uliomtoa Abdallah Fundikira, mtemi aliyekuwa pia waziri wa sheria katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru. Usifike mikono mitupu na usifike ukiwa na kamera mkononi. Sukari na majani ya chai vinatosha. Jitambulishe kwa jina la baba na babu yako, sema unatoka wapi, kisha nyamaza uulizwe. Utakapopewa ruhusa ya kuuliza, omba usimuliwe habari za mtemi Isike.

Isike aliwasumbua Wajerumani kiasi kwamba mashambulizi yao ya mwaka 1892 yalishindwa kumng'oa. Januari 1893 walirudi wakiongozwa na Tom von Prince, wakaivunja ngome yake, naye, alipoona hakuna njia, akaliwasha ghala la baruti akiwa ndani pamoja na watu wa nyumba yake. Tafuta wazee wawili au watatu wanaokaa mbali mbali, uwasikilize kila mmoja peke yake juu ya siku hiyo ya mwisho, na uandike hata pale wanapopingana. Usiwasahihishe, na wala usiwape jibu ndani ya swali. Ukimwambia mzee, "Si ndivyo ilivyokuwa?", kwa adabu yake atakuitikia kwamba ndivyo.

Wa pili ni Mirambo, na hapa baiskeli iache, panda basi hadi Urambo, kilomita tisini hivi magharibi. Mirambo aliyaunganisha maeneo madogo ya kitemi chini yake kwa nguvu za askari wake, ruga-ruga, na mwaka 1871 akaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji baada ya kuhitilafiana na Waarabu wa Unyanyembe. Stanley, ambaye vitabu humsimulia kana kwamba alitembea moja kwa moja hadi kwa Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu. Upande wake ulishindwa vibaya, Mirambo akaushambulia na kuuchoma mji wa Tabora Agosti mwaka huo, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Umeona? Huwezi kuieleza njia aliyopita mzungu bila kumtaja mtemi aliyeifunga. Vita viliisha mwaka 1875, na mwaka uliofuata Stanley huyohuyo alifanya undugu wa kuchanjiana damu na Mirambo. Mtemi huyo alifariki Desemba 1884, kabla Wajerumani hawajafika kumpima nguvu.

Wa tatu hana kaburi la kukuonesha hapa, lakini ningependa umbebe kichwani unapoendesha baiskeli. Ni Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Wayao aliyeuzwa utumwani angali mdogo, akapelekwa India na kurudi akiwa huru. Alifika Tabora na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi na Speke na Grant mwaka 1861, akarudi na Stanley mwaka 1871, akarudi tena na Verney Lovett Cameron mwaka 1873 na kuendelea naye hadi bahari ya magharibi, yaani Atlantiki. Watalii waliokuja na majina makubwa walibadilika; aliyekuwa akiijua njia alikuwa yuleyule.

Siku moja ibaki kwa historia ambayo bado ina watu walioisikia kwa masikio yao. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake hapa Tabora kikiwa kinakaribia kupasuka. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na wajumbe wengi walitaka chama kiususe. Nyerere aliwashawishi waingie. Uamuzi huo hadi leo huitwa uamuzi wa busara, ingawa Zuberi Mtemvu hakuuona hivyo, akajitoa na kuanzisha chama chake. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee sana. Kwa hiyo, ingawa nimewataja mwisho, watafute kwanza, kabla ya mambo ya Isike, ambayo yamesubiri miaka mia moja na thelathini na yanaweza kusubiri wiki moja zaidi.

Jambo la mwisho: boma la Wajerumani litazame ukiwa mbali na simu ikiwa mfukoni. Majengo yanayotumiwa na vyombo vya ulinzi hayapigwi picha bila ruhusa, hata yawe ya kale namna gani.

SWALI: Nimesikia sifa za embe za Tabora tangu utotoni. Nikija Julai nitazikuta? (Mpenda Embe, Lindi)

JIBU: Hutazikuta, ndugu yangu. Embe za Tabora huiva mvua zikiwa zimeanza, kuanzia Novemba hadi Januari. Julai utakuta kivuli cha miembe na maua yake, na mtu yeyote atakayekuuzia embe wakati huo atakuwa amelileta kutoka mbali.

SWALI: Mwanangu Mwalimu, wajukuu wangu wananishawishi nije nao Tabora mwezi wa saba. Mimi ni mtu wa Pangani, kifua changu hakiwezi baridi, na nina pumu. Je, huko kunanifaa? (Bibi wa Pangani)

JIBU: Shikamoo Bibi. Baridi yetu ina tabia ya mgeni mwenye adabu, haikai mchana. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai usiku na alfajiri joto huweza kushuka hadi nyuzi 15 au chini kidogo, ilhali mchana hupanda hadi karibu nyuzi 28. Sweta, soksi na khanga ya pili vinatosha, pamoja na maji ya kuoga yaliyopashwa moto, ambayo muyaulizie kabla hamjalipia chumba. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kwanza na kuuliza baadaye, na sitaki kulikumbuka ndoo lile.

Kwa pumu yako kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi na ukavu wa hewa, mambo ambayo mtu wa pwani hayatarajii. Midomo hupasuka na pua hukauka, kwa hiyo beba mafuta ya kujipaka, kunywa maji hata kama husikii kiu, na ukienda Kwihara uende kwa gari lililofungwa vioo, wala si kwa bodaboda. Zungumza na daktari wako kabla ya safari na uje na dawa yako ya kuvuta ya kutosha siku zote. Chandarua usikiache kwa kudhani kwamba baridi imewamaliza mbu.

SWALI: Mwaka jana nilinunua Tabora lita tano za asali. Nilipofika nyumbani ikaganda kama samli. Mume wangu anasema niliuziwa sukari. Nitaitambuaje asali halisi nikirudi Juni hii? (Mama Asali, Arusha)

JIBU: Pole, lakini mweleze mume wako kwa upole kwamba kuganda si ushahidi wa udanganyifu. Asali ina sukari za aina kadhaa, na ile iitwayo glukosi ndiyo inayojitenga na kuwa chembechembe, hasa asali inapokaa mahali pa baridi ya nyuzi 14 hivi. Uliinunua kipupwe, ukaipeleka Arusha kwenye baridi zaidi. Ingeshangaza kama isingeganda. Iwekeni chupa ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu na kuyabadilisha yanapopoa, nayo itarudi ilivyokuwa. Msiiweke juu ya moto, kwani moto huiunguza harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia.

Kuhusu kutambua, mambo ya kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa au kuidondosha asali kwenye karatasi si vipimo vya kutegemewa. Asali nzuri ni ile iliyorinwa ikiwa imeiva, yaani nyuki wenyewe wameshaziziba seli za sega kwa nta, kwa sababu hapo maji yaliyomo huwa yamepungua hadi chini ya sehemu ishirini katika mia. Asali iliyorinwa kabla ya hapo huwa nyepesi, na baada ya muda huchacha na kutoa povu. Geuza chupa taratibu utazame kiputo cha hewa: kikipanda kwa uvivu, ni dalili nzuri, ingawa dalili tu. Njia ya uhakika zaidi ni kununua kwa kikundi cha wafugaji kinachoweza kukueleza asali ilitoka msitu gani na lini.

Na kwa kuwa unakuja katika miezi ya urinaji, usiishie sokoni. Tafuta mfugaji wa upande wa Sikonge au Urambo atakayekubali kukupeleka msituni, kwenye miombo, ukaione mizinga ya magogo na ya magome ikiwa imetundikwa juu ya miti. Vaa nguo za rangi hafifu zenye mikono mirefu. Bluu na nyeusi huwavuta mbung'o. Omba uonje pia asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo ni chachu kidogo na watu wa huku huitumia zaidi kama dawa ya kikohozi kuliko kama chakula. Bei yake itakushtua. Kundi zima la nyuki hao hutoa asali kidogo sana, kwa hiyo muuzaji hakuonei.

SWALI: Jamaa mmoja amenionesha sarafu ya dhahabu yenye picha ya tembo, anadai ilitengenezwa Tabora na Wajerumani. Ni kweli zipo? Ninunue? (Mfanyabiashara, Mwanza)

JIBU: Zipo, na usinunue. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia koloni lilizingirwa, fedha haikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, na mwaka 1916 Wajerumani wakatengeneza sarafu Tabora, katika karakana ya reli, wakitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ilikuwa na thamani ya rupia 15, tai upande mmoja na tembo mwenye milima nyuma yake upande wa pili, na zilitengenezwa takriban 16,000 tu kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji Septemba 19 mwaka huo. Kwa uchache huo zinatafutwa na wakusanyaji duniani kote, na kwa sababu hiyohiyo zinaghushiwa duniani kote. Sarafu halisi haitembezwi mfukoni Mwanza ikitafuta mteja. Za shaba, za heller (senti za rupia hiyo) 5 na 20, nazo zilitengenezwa hapa kwa wingi zaidi. Hizo unaweza kuzitazama kwa raha bila kuweka rehani duka lako.

SWALI: Mwalimu, mimi na mke wangu tumestaafu. Tutakuwa Tabora siku tano mwezi Julai, na tuna siku nne za ziada. Tuongeze siku Tabora au tuendelee hadi Kigoma na Ujiji? (Wastaafu Wawili, Iringa)

JIBU: Endeleeni, wazee wenzangu. Tabora bila Ujiji ni nusu ya njia. Misafara haikuja hapa kwa ajili ya hapa. Pandeni treni ya Kigoma, zaidi ya kilomita 400, na mchague upande wa dirisha kwa ajili ya kuvuka bonde la Malagarasi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipoanza, na stesheni yake ni miongoni mwa majengo mazuri yaliyoachwa na Wajerumani bara. Nikilinganisha na yetu, naona uchungu kidogo kukiri kwamba yao ni nzuri zaidi.

Ujiji iko kilomita chache tu kusini. Burton na Speke waliingia hapo Februari 1858, na hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Pana makumbusho na miembe ambayo husemwa kuwa imetokana na ule mti waliokutania chini yake. Ziwa lenyewe limerudi nyuma tangu siku hizo, kwa hiyo msishangae kuona mahali panapoitwa pa kukutania ufukweni pakiwa mbali na maji. Mkitoka makumbusho, msipande gari. Tembeeni katika mitaa ya Ujiji jioni, baada ya swala ya alasiri, muwasikilize watu. Huu ni mji wa Waswahili ulioko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, wenye familia za Kimanyema zilizotoka ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kina ladha ambayo mtu wa Iringa ataitambua mara moja kuwa si yake na si ya Dar es Salaam.

Dagaa wa Kigoma na mgebuka mbichi mkiwakosa msilaumu mwenye mgahawa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Ulizeni mapema kama mwaka wenu pia upo hivyo. Zuio likiwapo mtakula dagaa wa kukausha na ugali wa muhogo, na mboga ya mawese, na hamtajuta.

Bandarini ulizeni habari za meli ya Liemba, kama inasafiri au imefungwa kwa matengenezo. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na treni ndani ya masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, wakiwa wameipaka mitambo grisi kwa nia ya kuja kuiopoa. Waliokuja kuiopoa wakawa Waingereza, mwaka 1924, na ikaanza safari tena mwaka 1927 kwa jina ililo nalo sasa.

Siku ya mwisho, kama magoti yanaruhusu, nendeni Gombe, kilomita kumi na sita hivi kaskazini, ambako Jane Goodall alifika Julai 14, 1960, kuwachunguza sokwe. Hakuna barabara, ni boti tu. Katika miezi hii upepo wa kusi hulichafua ziwa, na mawimbi ya ziwa lenye kina cha mita 1,470 si ya kufanyiwa mzaha, kwa hiyo ondokeni alfajiri na mvae makoti ya kuokolea hata kama nahodha anawacheka. Milima ya huko ni mikali, na sokwe hawamsubiri mstaafu. Mmoja wenu akiwa na mafua, hata mepesi, abaki Kigoma: sokwe huambukizwa maradhi yetu ya kifua na huweza kufa kwayo, na askari wa hifadhi wana haki ya kumzuia mgeni anayekohoa. Atakayebaki akaoge ziwani mahali wenyeji watakapomwonesha kuwa ni salama. Maji ya Tanganyika hayajui kipupwe, na mwezi Julai huwa ya uvuguvugu kuliko ndoo lolote la nyumba ya wageni.